Anza Kaisaria, usianze Masada: kuwafundisha watoto jinsi Wayahudi wa kale walivyoukabili utawala wa Rumi

Swali: Shikamoo. Ninafundisha shule ya Jumapili hapa Iringa, watoto wa miaka 9 hadi 13. Tulipokuwa tunasoma habari za mateso ya Yesu, mvulana mmoja aliuliza: "Kwa nini Wayahudi hawakuwafukuza tu Warumi?" Nikamwambia tutazungumza. Nimesoma kidogo habari za Masada, ngome ya mwisho ya waasi wa Kiyahudi, nikaogopa, maana ni watu kujiua pamoja na watoto wao. Nina Jumapili nne. Nianzie wapi, na nani nimwite shujaa?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Mwambie kijana wako kwamba walijaribu. Kwa upanga walijaribu katika vita vitatu vikubwa: mwaka 66 hadi 70, ambapo mabaki ya vita yaliendelea hadi 73 au 74, mwaka 115 hadi 117 huko Misri, Kirene na Kipro, na mwaka 132 hadi 135 katika Uyahudi yenyewe. Mara zote walishindwa. Lakini ukiishia hapo, utakuwa umemfundisha kwamba mbele ya dola kubwa mtu ana mawili tu, kupigana au kunyamaza. Historia ya Wayahudi chini ya Rumi haiko hivyo. Kuna waliopigana, waliogoma, waliojitenga jangwani, waliofanya kazi na mtawala ili kuwalinda watu wao, waliofanya kazi naye ili wajaze mifuko, na waliojenga maisha upya baada ya Hekalu kuungua. Mara nyingi watu hawa walikuwa wa ukoo mmoja, wakila chungu kimoja. Hilo ndilo ningependa watoto wako walielewe, na ndiyo maana nakusihi usianze Masada. Anza Kaisaria.

Mwaka 26 Pontio Pilato alifika kuwa liwali wa Uyahudi. Hakukaa Yerusalemu, makao yake yalikuwa Kaisaria, mji wa bandari uliojengwa na Herode. Maliwali waliomtangulia walijua kwamba Wayahudi hawavumilii sanamu katika mji mtakatifu, kwa hiyo vikosi vyao viliingia Yerusalemu bila nembo zenye sura ya Kaisari. Pilato akaziingiza. Aliziingiza usiku, zikiwa zimefunikwa, na kulipokucha watu wakazikuta zimesimama mjini.

Hapa watoto watasema, "Si picha tu?" Waeleze kwamba kwa askari wa Rumi nembo hizo zilikuwa kitu cha ibada. Mojawapo ya hati zilizopatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, kuanzia mwaka 1947, ni ufafanuzi wa kitabu cha Habakuki. Aliyeuandika anawataja Warumi kwa jina la Wakitimu, na anasema wanazitolea sadaka nembo zao za vita. Kwa hiyo Pilato alikuwa ameleta mungu mwingine mlangoni pa Hekalu.

Kilichofuata kimeandikwa na Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza. Watu walitoka Yerusalemu, wenzao wa mashambani wakajiunga nao, wakaenda Kaisaria, mwendo wa kilomita zipatazo 100, kumwomba Pilato aziondoe. Akakataa. Wakalala kifudifudi kuizunguka nyumba yake, siku tano usiku na mchana. Siku ya sita akawaita kwenye uwanja mkubwa kana kwamba anataka kuwajibu, kisha akawapa askari ishara, wakawazingira watu kwa safu tatu. Akasema atawakatakata wasipozikubali sura za Kaisari. Panga zikachomolewa. Hapo umati mzima ukajitupa chini kwa pamoja, wakanyoosha shingo zao na kusema wako tayari kufa kuliko kuivunja sheria ya Mungu wao.

Simama hapo hapo. Usimalizie hadithi. Mpe mtoto mmoja nafasi ya Pilato, mwingine askari kijana aliyeshika upanga, mwingine mama aliyemwacha mtoto nyumbani Yerusalemu, mwingine jirani aliyekataa kuja kwa sababu aliona ni wazimu. Muulize Pilato: ukiwaua, Kaisari atasema nini juu ya liwali ambaye amefika juzi tu? Muulize askari: utamkata mtu aliyelala? Waache wabishane mpaka wachoke. Katika kufundisha historia ya kale sijaona kitu kinachowafungua watoto kama kuzuiwa kujua mwisho, kwa sababu wale watu nao hawakuujua.

Kisha waambie: Pilato alistaajabu, akaamuru nembo ziondolewe. Siku ile hakufa mtu.

Siku hiyohiyo wasimulie na tukio la pili, maana bila hilo la kwanza linageuka hekaya. Baadaye Pilato alichukua fedha za hazina ya Hekalu akajenga mfereji wa kuleta maji Yerusalemu. Watu wakamzingira tena wakipiga kelele. Safari hii alikuwa amewachanganya askari ndani ya umati, wamevaa nguo za raia na kuficha marungu. Alipotoa ishara, wakaanza kupiga. Wengi walikufa, wengine wakikanyagwa katika kukimbia. Ni watu walewale na liwali yuleyule, na tena hawakuwa na silaha, lakini mwisho ukawa mwingine. Ukiwasomea Luka 13:1, juu ya Wagalilaya ambao Pilato aliichanganya damu yao na dhabihu zao, wataielewa aya ile kwa namna ambayo hawajawahi kuielewa.

Ukipata muda, ongeza la tatu. Kati ya mwaka 39 na 41 Kaisari Caligula aliamuru sanamu yake iwekwe ndani ya Hekalu lenyewe, na Petronius, liwali wa Shamu, akapewa jeshi la kuipeleka. Maelfu ya watu, na wake zao na watoto wao, walimfuata Tolemai na baadaye Tiberia. Ulikuwa msimu wa kupanda, nao wakayaacha mashamba. Petronius alielewa mara moja maana yake: pasipo mbegu hakuna mavuno, na pasipo mavuno hakuna kodi ya kupeleka Rumi. Akahatarisha shingo yake, akamwandikia Caligula kumwomba asitishe. Wakati huohuo Philo, mwanafalsafa Myahudi wa Aleksandria aliyekuwa tayari mtu mzima, alikuwa Italia akiongoza ujumbe kwa Kaisari huyohuyo juu ya mateso ya Wayahudi wa mji wake. Caligula aliuawa na walinzi wake mwenyewe Januari 41, na sanamu haikufika. Napenda watoto wamjue Petronius. Alikuwa Mrumi, na aliogopa, lakini alifanya lililo jema.

Sasa, kabla hujaenda mbele, watoto wako wamjue huyu Josephus, kwa sababu karibu kila kitu nilichokuandikia kinatoka kwake. Alikuwa kuhani wa Yerusalemu. Vita vilipoanza mwaka 66 alipewa amri ya Galilaya kupigana na Warumi. Mwaka 67 ngome ya Yodfat ilianguka, naye akajisalimisha, akamwambia jemadari Vespasian kwamba atakuwa Kaisari. Miaka miwili baadaye Vespasian akawa Kaisari kweli. Josephus akapewa uraia wa Rumi, nyumba na posho, na huko Rumi ndiko alikoandika vitabu vyake. Waulize watoto: mtu anayelishwa na mfalme ataandikaje habari za mwana wa mfalme? Josephus anasema Titus, mwana wa Vespasian, hakutaka Hekalu liungue. Huenda ni kweli, huenda ni shukrani ya mezani. Mtoto wa miaka kumi anaweza kabisa kulifikiria hilo, na ukimpa nafasi atakushangaza.

Sasa tuje kwa wale wa wakati wa Yesu. Hapo Biblia yako tayari ina mengi, ila tumezoea kuyapita mbio. Mwaka 6 Rumi ilimwondoa Arkelao mwana wa Herode, ikaifanya Uyahudi kuwa jimbo lake, na Kirenio, liwali wa Shamu, akaja kuandikisha watu na mali zao ili walipe kodi. Kuhani mkuu Yoazari akawasihi watu wakubali, na wengi wakakubali. Lakini Yuda Mgalilaya, pamoja na Farisayo aitwaye Sadoki, akasema kulipa kodi hiyo ni kukubali bwana mwingine mahali pa Mungu. Huyo Yuda ndiye Gamalieli anayemtaja katika Matendo 5:37. Na miaka kadhaa baadaye, watu walipomwuliza Yesu kama ni halali kumpa Kaisari kodi, walikuwa wanachokonoa kidonda hicho hicho. Kujibu "ndiyo" kungemgombanisha na watu, na kujibu "hapana" kungempeleka mbele ya Pilato. Watoto wanapojua hivyo, jibu lake juu ya vya Kaisari na vya Mungu linakuwa la mtu aliyesimama ukingoni mwa shimo.

Tahadhari ndogo kuhusu Simoni Zelote. Walimu wengi husema alikuwa mwanachama wa kundi la wapiganaji. Kundi lenye jina hilo linaonekana waziwazi katika maandishi ya Josephus wakati wa vita vya miaka ya 60, zaidi ya miaka thelathini baada ya Yesu. Usilijenge somo zima juu yake.

Halafu kuna wale ambao watoto watataka kuwaita wasaliti. Nenda nao polepole hapa. Baada ya mwaka 6, liwali wa Rumi ndiye aliyemweka na kumwondoa kuhani mkuu, na hata mavazi matakatifu ya kuhani yalifungiwa katika ngome ya Antonia chini ya ulinzi wa Warumi, yakitolewa wakati wa sikukuu. Fikiria kiongozi wa ibada anayelazimika kumwomba askari wa kigeni joho lake. Kayafa alidumu katika kiti hicho tangu mwaka 18 hivi hadi 36, wakati wengine walidumu mwaka mmoja. Hakuna anayedumu hivyo bila kujua kuelewana na watawala. Lakini someni Yohana 11:48, baraza linaposema Warumi watakuja na kuwaondolea mahali pao na taifa lao. Woga huo haukuwa wa kubuni. Yaliyotokea mwaka 70 ndiyo hayo hasa waliyoyaogopa.

Makuhani pia walikuwa wamepata njia ya katikati ambayo ilizuia vita kwa miongo mingi. Mataifa mengine yalimtolea Kaisari dhabihu kama mungu. Hekaluni Yerusalemu dhabihu zilitolewa kila siku kwa Mungu, kwa ajili ya Kaisari. Rumi ilikubali. Kuna hata msemo wa Rabi Hanina, naibu wa makuhani, uliohifadhiwa katika Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi: iombeeni amani serikali, kwa maana pasipo kuiogopa, kila mtu angemmeza jirani yake akiwa hai. Unaweza usikubaliane naye, lakini mtu aliyesema hivyo alikuwa ameona mambo.

Watoza ushuru ni habari nyingine, maana wengi wao walikula. Ila kumbuka kwamba Lawi wa Kapernaumu alitoza chini ya Herode Antipa, mtawala aliyekuwa kibaraka wa Rumi, na Zakayo wa Yeriko alikuwa ndani ya jimbo lenyewe. Wape watoto swali moja: kuna tofauti gani kati ya anayeshirikiana ili watu wasiuawe, na anayeshirikiana ili ajenge ghorofa? Na ukiwa nje, unazitambuaje nia hizo mbili?

Vita vya 66 viende kwa haraka, damu yake ni nyingi mno kwa umri huu. Liwali Gessius Florus alichukua talanta 17 kutoka hazina ya Hekalu, watu wakamkejeli, akawaachia askari mji. Eleazari, kijana mkuu wa walinzi wa Hekalu, akakomesha dhabihu za wageni, pamoja na ile ya kwa ajili ya Kaisari, na hiyo ilikuwa sawa na kutangaza vita. Baba yake alipinga vita, na waasi wakamwua mwaka huohuo. Baba huyo ni Anania, kuhani mkuu aliyeamuru Paulo apigwe kinywani katika Matendo 23. Baba na mwana, nyumba moja. Waasi waliomwua Anania waliongozwa na Menahemu wa ukoo wa Yuda Mgalilaya, na wafuasi wa Eleazari wakamwua Menahemu.

Ndani ya Yerusalemu iliyozingirwa, makundi ya waasi yalipigana yenyewe kwa yenyewe na kuchoma maghala ya nafaka ya mji wao. Kuwaeleza watoto njaa hiyo bila kuwatisha, tumia kisa cha Marta, mwanamke tajiri wa ukoo wa Boetho, kilichomo katika Talmud, mkusanyo mkubwa wa mabishano na masimulizi ya marabi. Alimtuma mtumishi sokoni akanunue unga laini kabisa. Alipofika ulikuwa umekwisha. Akarudi kusema kuna mweupe wa kawaida. Kalete huo. Alipofika nao umekwisha, kumebaki usiokobolewa. Kalete huo. Umekwisha; kumebaki wa shayiri. Kalete huo. Nao umekwisha. Watoto wadogo hupenda kuigiza kisa hiki wakikimbia huku na huko, kisha katikati ya kicheko kunakuwa na kimya wanapoelewa. Mwisho wa Marta usiwaambie wa miaka tisa.

Na Masada? Kwa walio chini ya miaka kumi na miwili, iache. Kwa wakubwa, sema kwa ufupi na kwa ukweli: baada ya Yerusalemu kuanguka, ngome ya mwisho juu ya jabali kando ya Bahari ya Chumvi ilizingirwa na jemadari Silva, na Josephus anaandika kwamba watu 960 walikufa kwa mikono yao wenyewe, wakapona wanawake wawili na watoto watano waliojificha. Ongeza mambo mawili ambayo wasimulizi wengi huyaruka. Kwanza, Josephus huyohuyo anasema watu wa Masada waliwahi kuvamia Engedi, mji wa Wayahudi wenzao, wakati wa Pasaka, wakaua wanawake na watoto zaidi ya 700. Pili, marabi waliotunga Mishna na Talmud, ambao hawakuchoka kusimulia habari za vita hivi, hawaitaji Masada hata mara moja. Wanahistoria bado wanabishana juu ya kilichotokea kule juu. Wewe zungumza taratibu, na uwatazame watoto, kwa sababu darasani kwako anaweza kuwepo aliyempoteza mtu nyumbani kwa njia hiyo.

Najua Iringa kishawishi cha kumlinganisha kiongozi wa Masada na Mkwawa ni kikubwa. Watoto wanajua alijipiga risasi mwaka 1898 Wajerumani wasimpate, na pengine wameliona fuvu lake Kalenga. Ningekuomba umtumie Mkwawa kwa jambo jingine. Waulize majirani wa Wahehe walifanya nini. Wasangu wa mtemi Merere walisimama na Wajerumani, kwa sababu Wahehe walikuwa wamewatoa katika nchi yao. Mtoto anayelijua hilo ataelewa upesi kwa nini Warumi waliingia Yerusalemu mwaka 63 K.K. kwa urahisi ule: ndugu wawili, Hyrcanus na Aristobulus, wana wa malkia Salome, waligombania kiti, kila mmoja akamwendea jemadari Pompey kumwomba msaada. Kulikuwa na ujumbe wa tatu pia, wa watu waliosema hawataki mfalme yeyote kati ya hao. Pompey akaingia mpaka Patakatifu pa Patakatifu.

Jumapili yako ya tatu naitaka iwe ya mjomba na mpwa. Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote, na Waswahili tunakielewa bila maelezo. Kimo katika Talmud, kiliandikwa karne nyingi baadaye, kwa hiyo wasimulie watoto kama simulizi la watu, lisilopaswa kusomwa kama taarifa ya shahidi.

Rabi Yohanan ben Zakkai alikuwa mzee mwenye hekima ndani ya Yerusalemu iliyozingirwa, na alitaka amani. Kiongozi wa wapiganaji waliowazuia watu kutoka alikuwa Abba Sikra, mtoto wa dada yake. Mzee akamwita mpwa wake kwa siri: mtaendelea hivi mpaka lini, mnawaua watu kwa njaa? Mpwa akajibu: nifanyeje? Nikifungua mdomo wataniua mimi. Nitafutie njia ya kutoka, mzee akasema, pengine kutapatikana wokovu kidogo. Basi mpwa akampa hila. Ujifanye mgonjwa, watu waje kukujulia hali. Kisha ulale na kitu kinachonuka, waseme umekufa. Wanafunzi wako tu ndio wakubebe, wasikubali mtu mwingine, kwa maana mwili wa aliye hai ni mwepesi na watu watagundua. Langoni walinzi wakataka kuuchoma mwili kwa mkuki wahakikishe. Warumi watasema tumemchoma mwalimu wetu, wakaambiwa. Wakataka kuusukuma. Watasema tumemsukuma mwalimu wetu. Lango likafunguliwa.

Mzee akafikishwa mbele ya Vespasian. Alipoambiwa aombe, aliomba mji mdogo wa Yavne na wenye hekima wake, nyumba ya Rabani Gamalieli isiangamizwe, na tabibu wa kumtibu Rabi Sadoki, aliyekuwa amefunga saumu miaka arobaini ili Yerusalemu isiharibiwe. Yerusalemu yenyewe hakuiomba. Na Talmud inamlaumu papo hapo: kuna aliyesema alipaswa kuomba mji uachwe salama. Kuna waliomtetea kwamba alihofu akiomba kikubwa hata kidogo asingepata.

Kwa hiyo watoto wakimlaumu Yohanan, hawamkosei heshima. Wanaingia katika mabishano ambayo Wayahudi wenyewe wameyaweka kwenye vitabu vyao vitakatifu kwa karne kumi na tano na zaidi. Na wasikose kuona kwamba yule mpwa, mkuu wa waasi, ndiye aliyemtoa.

Hekalu liliungua mwaka 70, mwezi wa Agosti. Kwenye Tao la Titus kule Rumi hadi leo kuna mchongo wa askari wamebeba kinara cha taa cha Hekalu. Ile kodi ambayo Wayahudi walikuwa wakiipeleka Hekaluni, Vespasian akaigeuza ilipwe kwa hekalu la Jupita. Kule Yavne, Yohanan na wenzake wakawa na kazi ya ajabu: dini nzima ilizunguka jengo moja, na jengo halipo. Walichofanya ni vitu vidogo vya kushikika. Mwaka Mpya ulipoangukia Sabato, pembe ya kondoo ilikuwa ikipulizwa Hekaluni; Yohanan akaagiza ipulizwe popote penye baraza la hukumu. Matawi ya Sikukuu ya Vibanda yalikuwa yakishikwa siku saba Hekaluni na siku moja kwingineko; akaagiza yashikwe siku saba kila mahali, kulikumbuka Hekalu. Waulize watoto: kanisa letu likiungua leo, Jumapili ijayo tutafanya nini, wapi, na nini hakiwezi kubebwa? Hilo swali lina uzito wa somo zima.

Vita vya Bar Kokhba, kiongozi wa ule uasi wa tatu wa 132 hadi 135, wape kwa vitu viwili. Sarafu: alichukua sarafu za Rumi akazipiga chapa upya juu ya sura ya Kaisari, nyingine zikasomeka kwa ajili ya uhuru wa Yerusalemu. Wape watoto karatasi za mviringo wachore upya. Na barua: mwaka 1960 na 1961 wachimbaji walioongozwa na Yigael Yadin walipata katika pango barua zake halisi. Katika mojawapo, vita vikiwa vinaendelea, anaagiza mitende, matunda ya sikukuu, mihadasi na mierebi, ili watu wake washerehekee Sikukuu ya Vibanda. Rabi Akiva alimwona kuwa masihi. Rabi Yohanan ben Torta akamjibu kwamba majani yataota mashavuni mwake na mwana wa Daudi hajaja. Mji wa Betari ulianguka mwaka 135, Yerusalemu ukajengwa kuwa mji wa kipagani wa Aelia Capitolina, na jimbo likabadilishwa jina kuwa Syria Palaestina.

Kwa wadogo, badala ya vita chukua fumbo la Akiva. Warumi walipokataza kufundisha Torati, akaendelea kufundisha hadharani. Mtu akamwuliza kama haogopi. Akasema: mbweha aliwaona samaki wakikimbia huku na huko, akawauliza wanakimbia nini. Nyavu za wanadamu, wakajibu. Basi njooni huku nchi kavu tuishi pamoja, akasema mbweha. Samaki wakamjibu: ikiwa tunaogopa ndani ya maji yanayotupa uhai, itakuwaje kule tutakakokufa? Warumi walimwua Akiva. Namna walivyomwua waachie watu wazima.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo, kwa sababu unafundisha karibu na Pasaka. Usiwaambie watoto kwamba Hekalu lilibomolewa kama adhabu ya Wayahudi kwa kifo cha Yesu. Kusulubisha ilikuwa adhabu ya Warumi, na hukumu ilitoka kwa Pilato, mtu yuleyule wa marungu. Yesu, mama yake na wanafunzi wake wote walikuwa Wayahudi, miongoni mwa watu walioishi chini ya woga huohuo. Mafundisho ya adhabu yamewaletea Wayahudi mauaji kwa karne nyingi, na mbegu yake ilipandwa katika madarasa kama lako, na walimu waliodhani wanafanya vyema. Vilevile usiyafanye masomo haya kuwa ya upande mmoja au mwingine wa habari za vita za leo.

Kuhusu shujaa, usimtaje yeyote. Jumapili ya nne walete watatu. Talmud inasimulia kwamba baada ya vita marabi watatu walikaa wakizungumza. Yehuda akasema: kazi za watu hawa ni nzuri, wamejenga masoko, madaraja na nyumba za kuogea. Yose akanyamaza. Shimon bar Yochai akasema: yote wamejifanyia wenyewe, masoko kwa anasa zao, nyumba za kuogea wajistareheshe, madaraja watoze ushuru. Maneno yakawafikia Warumi. Yehuda aliyesifu akapandishwa cheo, Yose aliyenyamaza akahamishiwa Sepphoris, mji wa Galilaya, Shimon akahukumiwa kifo. Shimon akakimbia na mwanawe Eleazari, wakaishi pangoni miaka kumi na miwili wakila matunda ya mti uliowaotea na kunywa maji ya chemchemi. Walipotoka wakawaona watu wakilima na kupanda, wakakasirika kwamba wanajali shamba kuliko Torati, na kila walipotazama pakaungua. Sauti kutoka mbinguni ikasema: mmetoka kuuharibu ulimwengu wangu? Rudini pangoni. Wakarudi mwaka mmoja zaidi. Walipotoka mara ya pili, Shimon aliuliza kama kuna kitu kinachohitaji kutengenezwa. Wakamwonyesha mahali palipodhaniwa kuwa na makaburi, ambapo makuhani walilazimika kuzunguka mbali. Akapakagua na kuwatengenezea njia.

Waulize watoto wakubwa kwa nini mtu aliyewashutumu Warumi kwa madaraja yao alitoka pangoni akitafuta njia ya kutengeneza, na kwa nini Yose aliyenyamaza naye aliadhibiwa. Wape dakika kumi waandike kwanza kabla ya kuzungumza, la sivyo wenye sauti kubwa watawafunika wengine. Na wakisoma walichoandika, anza na yule mvulana wako.